Mkutano wa taifa wa wanajeshi wastaafu: mgambo wa Kagera aingie au abaki mlangoni?

Omwana wa Kyaka (mleta mada)
Wakuu, shikamooni wenye shikamoo zenu. Najua humu kuna wastaafu na watoto wa wastaafu, kwa hiyo sitakosa jibu.

Majuzi nilimsindikiza baba mdogo kwenye kikao cha mkoa cha chama kimoja cha wanajeshi wastaafu (jina nalihifadhi, sitaki kesi). Walikuwa wanachagua wajumbe wa mkutano mkuu wa taifa. Mzee alianza kujiandaa juzi yake: koti alilovaa kwenye harusi ya binti yake limepigwa pasi, viatu vimepakwa kiwi mpaka soli. Mlangoni kijana mwenye daftari akamuuliza namba ya jeshi. Mzee akajibu, "Mimi nilikuwa mgambo. Nilitokea Bukoba nikafika Kampala." Kijana akaandika kitu, akakifuta, akamwambia asubiri pembeni. Akasubiri chini ya mwembe mpaka wenzake wakatoka na chupa za soda mkononi.

Swali langu ni moja na naomba tubaki nalo. Chama kikiita mkutano wa taifa kikasema ni wa "waliopigania nchi", mgambo, yaani raia waliofunzwa na kuitwa vitani, waliovuka mpaka pale Mutukula mwaka 1979 kwenye vita ya Kagera dhidi ya Idi Amin wa Uganda, wana kiti humo ndani au hawana? Kama hawana waambiwe mapema, wasihangaike na pasi.

Afande Mstaafu
Mpe pole mzee. Ila chama ni cha WANAJESHI WASTAAFU. Mstaafu ni mtu aliyeajiriwa, akatumikia, akamaliza, akapewa karatasi. Mgambo aliitwa, akasaidia, akarudi kwenye migomba yake. Tunawaheshimu sana, walitupikia na kutubebea masanduku ya risasi, lakini kila mtu na daftari lake. Mkiufungua huo mlango, kesho kila aliyepiga kwata shule ya msingi atakuja kudai posho ya kikao.

Chuma cha Reli
Afande, "walitupikia" nyinyi na nani? Uliingia jeshini mwaka gani?

Afande Mstaafu
Nimetumikia miaka 26, sina cha kujieleza kwa mtu asiyejua hata kufunga mkanda wa buti.

Chuma cha Reli
Sijauliza mingapi, nimeuliza upi.

Afande Mstaafu
1984. Haya, na hilo linabadilisha nini?

Chuma cha Reli
Halibadilishi kitu mkuu. Ni kwamba vita imeisha 1979, kwa hiyo huo ubwabwa wa mgambo uliula ukiwa darasa la tano.

Mama Kulwa
😂😂 Uzi umeanza vizuri, naleta kigoda.

Afande Mstaafu
Chekeni. Historia ya kikosi hurithiwa, ndiyo maana kuna bendera ya kikosi. Wakubwa zangu waliokuwepo ndio walionifundisha, na kwa kuwa mnapenda ukweli, nitawapa ambao hamtaupenda: mgambo walikimbia Lukaya, kule Uganda. Walitupa mpaka silaha. Muulizeni mzee kama alikuwepo.

Omwana wa Kyaka
Afande, hapo umenigusa, kwa hiyo nitasema mpaka nimalize.

Ndiyo, Brigedi ya 201 ilivunjika Lukaya. Mwezi Machi 1979, jioni. Brigedi ile ilikuwa imejaa mgambo na makruta, watu ambao miezi michache nyuma walikuwa wanalima kahawa. Wamewekwa kwenye barabara iliyopita katikati ya kinamasi, huku maji na kule maji, halafu wakashushiwa maroketi na Walibya waliotumwa na Gaddafi kumsaidia Amin. Nani hapa angesimama? Wewe wa 1984 ungesimama?

Lakini hadithi yenu huwa inaishia jioni. Kesho yake je? Usiku ule Brigedi ya 208 ilizungushwa ikatokee upande wa barabara ya Kampala, na 201, hao hao waliokimbia, wakakusanywa gizani, wakapangwa upya, wakarudi kushambulia kutoka mbele. Walibya kama mia mbili hawakurudi kwao. Baada ya pale njia ya Kampala ilikuwa wazi, na Aprili 11 mji ukaanguka. Kwa hiyo mtu aliyekimbia jioni akarudi alfajiri mahali palepale, mimi namwita askari. Aliyesimulia upande mmoja namwita msimuliaji mbaya.

Mtaalamu wa Madafu
Si ilikuwa Aprili 10? Mwalimu wetu wa historia alisema 10.

Chuma cha Reli
Ni 11. Kumi walikuwa bado wanapigana kuuingia mji. Mwalimu wako alikuwa na haraka kuliko jeshi.

Dada wa Mbagala
Samahani, mimi ni mgeni kwenye mambo ya vita, ila nikisikia neno mgambo damu inanichemka. Hao hao ndio waliomwaga beseni la maandazi la mama yangu, tena ya asubuhi, bado ya moto. Mtu mzima na buti lake anakanyaga maandazi! Wakikosa kiti kwenye huo mkutano mimi nitapiga vigelegele.

Mchuuzi wa Gongo la Mboto
Dada umesema yangu. Mimi walichukua mizani na meza. Kwenda kukomboa nikaambiwa faini ambayo ni kubwa kuliko mzigo wenyewe. Nikawaachia.

Mama Kulwa
Na mkiwauliza kitambulisho wanakuwa wakali.

Omwana wa Kyaka
Jamani, hao ni mgambo wa jiji. Mimi nazungumzia mgambo wa 1978.

Dada wa Mbagala
Gwanda ni lilelile kaka.

Mchuuzi wa Gongo la Mboto
Kuna siku walitufukuza mpaka mtaa wa Msimbazi, mzee mmoja kashika soksi pea kumi hana pa kukimbilia, akajifanya ni mteja wa duka la vitenge. Mgambo naye akamwambia "mzee chagua basi." Ikabidi anunue.

*(Hapa zimepita zaidi ya posti arobaini za meza, mizani, faini na nani alinusurika vipi. Nasikitika kusema nyingine nimezicheka. — mleta mada)*

Msomaji Kimya
Nirudishe kidogo. Afande anasema mgambo si jeshi. Jina lake rasmi kwenye sheria ni Jeshi la Akiba. Neno la kwanza ni JESHI. Na mshauri wa mgambo wa wilaya, anayewafundisha na kuwafungia mafunzo, ni ofisa wa JWTZ, jeshi lenyewe la nchi. Sasa mtu anafunzwa na jeshi, anavaa la jeshi, anaitwa na Amiri Jeshi Mkuu, anavuka mpaka kwa amri ya jeshi, akirudi anaambiwa alikuwa mpita njia?

Afande Mstaafu
Akiba ni akiba. Hata kwenye mpira kuna wachezaji wa akiba.

Chuma cha Reli
Na akiingia dakika ya 80 akafunga, goli linahesabiwa au linafutwa?

Mtaalamu wa Madafu
Inategemea kama ni dhidi ya Yanga.

Mama Kulwa
Naomba mods wamfungie huyu kabla hatujaamkia kwenye Simba na Yanga.

Afande Mstaafu
Mnapenda maneno. Niambieni kitu kimoja: vigezo. Jeshi lilipanuka ndani ya miezi michache kwa makumi ya maelfu ya watu. Mgambo, JKT (Jeshi la Kujenga Taifa), polisi, magereza, wote walikwenda. Waliopikia wapo, waliolinda daraja wapo, waliobeba mizigo mpaka mpakani wakarudi wapo. Ukiita wote kwenye ukumbi mmoja nani atathibitisha? Wengi hawana hata kipande cha karatasi. Aliyebeba sanduku la risasi kutoka lori hadi hema naye ni mpiganaji?

Bibi Sanamu
Afande, mimi huwa sichangii, nasoma tu, ila hilo la wabeba mizigo unalirudia kama tusi. Ukipita pale Posta, Samora na Maktaba, lile sanamu la Askari la mwaka 1927 umewahi kusoma maandishi yake? Mkoloni mwenyewe, aliyekuwa hampi mtu mweusi hata kiti, ameandika kwamba ni ukumbusho wa askari NA wa wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Vita Kuu ya Kwanza wapagazi ndio waliokufa kama kumbikumbi, kwa homa na kuhara na njaa. Na Kariakoo unayokwenda kununua nondo imepewa jina la kikosi chao cha wabeba mizigo. Mwingereza alilitamka kwa Kiingereza, sisi tukalifanyia ukarimu.

Mchuuzi wa Gongo la Mboto
Subiri. Kwa hiyo mgambo ananifukuza Kariakoo, na Kariakoo yenyewe ni jina la wabeba mizigo, na huku mgambo analia kuitwa mbeba mizigo? Nchi hii bwana.

Mjukuu wa KAR
Mkoloni msimsifu sana. Babu yangu alikuwa KAR, jeshi la Mwingereza la Waafrika wa huku, kapigana Burma Vita Kuu ya Pili. Waliporudi, malipo yakapangwa kwa rangi: mzungu anaweza kupata mara tatu ya Mwafrika wa cheo kilekile. Mwaka 2018 Uingereza ndio wakatangaza fungu la kuwasaidia wapiganaji wao wa zamani wa makoloni wapate milo miwili kwa siku. Milo! Miaka sabini na zaidi baadaye, wengi walishakula udongo. Babu alifariki kabla. Angalau yeye alikuwa na kadi, mlangoni hakuna aliyemzuia.

Omwana wa Kyaka
Mjukuu, pole. Na ona sasa: babu yako aliyepigania Mfalme wa Uingereza anaingia kwa kadi, mzee wangu aliyepigania Kyaka yake mwenyewe anakaa chini ya mwembe.

Mjukuu wa KAR
Usimguse babu yangu. Hakuchagua.

Omwana wa Kyaka
Sijamgusa, nimelinganisha tu.

Mjukuu wa KAR
Ndiyo kumgusa kwenyewe.

Mpemba Mkavu
Nyote mnazunguka mbuyu. Mkutano wa taifa ni nauli, malazi, posho na fulana. Wakiingia mgambo fungu linagawanyika, wakibaki nje linatosha. Hayo mengine ni mapambo. Mnakumbuka Mwalimu Nyerere baada ya vita alisema tufunge mikanda miezi 18? Mpaka leo mimi sijaambiwa nifungue.

Msomaji Kimya
Mpemba kuna ukweli hapo ila si wote. Wastaafu wengine tunachotaka huko ni kadi ya matibabu, maana pensheni ya koplo wa zamani haifiki hata kwenye dawa za presha. Kwenye mikutano huwa tunasikilizwa na mgeni rasmi dakika kumi, risala inasomwa, anasema "nimeyachukua," anaondoka nayo. Tunabaki na wali. Mgambo wakiniuliza mimi wanakosa nini, nitawaambia wanakosa wali.

Mama Kulwa
Wewe ulisema "tunachotaka." Kumbe ni mstaafu!

Msomaji Kimya
Nimo.

Afande Mstaafu
Basi mwenzetu anajua. Mleta mada, nipime kwa haki. Muulize mzee kamanda wa kombania yake alikuwa nani. Mtu aliyekuwa vitani hasahau hilo hata akisahau watoto wake.

Omwana wa Kyaka
Nimemuuliza sasa hivi, yuko hapa anakula. Amesema jina analijua, na kamanda mwenyewe amelala Kaboya, kwenye makaburi ya mashujaa wa vita ile, pamoja na wale wengine zaidi ya 600. Ila hamtajii mtu wa 1984.

Chuma cha Reli
🫡

Mtaalamu wa Madafu
Nina swali la pembeni. Siku ya Mashujaa, Julai 25, Rais anaweka mkuki na ngao pale mnarani, Mkuu wa Majeshi anaweka sime, meya upinde na mshale, kiongozi wa mabalozi maua. Halafu mwenyekiti wa Tanzania Legion, ndiye wa wapiganaji wa zamani, anaweka SHOKA. Kwa nini shoka? Mtu aliyepigana vita ya bunduki anapewa kitu cha kupasulia kuni?

Mpemba Mkavu
Labda kwa sababu akistaafu ndiyo kazi inayofuata.

Afande Mstaafu
Shoka ni silaha ya asili, msidharau. Wazee wetu walipigana nalo.

Mchuuzi wa Gongo la Mboto
Wapi? Maji Maji walikuwa na mikuki, upinde na magobole. Shoka sijasikia.

Bibi Sanamu
Kuna shoka la vita na shoka la kuni, mpini wake ni tofauti. Nenda makumbusho ukaone.

Mtaalamu wa Madafu
La kwenye picha ni dogo. Mimi nasema ni la kuni.

Afande Mstaafu
Dogo ndiyo la vita! La kuni ni zito, utalirushaje?

Mjukuu wa KAR
Nani alirusha shoka nchi hii?

Omwana wa Kyaka
Wakuu, na kile kiti cha mgambo?

Mtaalamu wa Madafu
Kiti gani tena mkuu? Tupo kwenye shoka.