Windows: mipangilio sehemu mbili tangu 2012, tumechoka!

Wakuu, nina hasira na sitaificha.

Windows 8 ilipotoka Oktoba 2012, Microsoft walileta ukurasa mpya wa mipangilio, lakini Control Panel, yaani sehemu ya zamani ya mipangilio, wakaiacha palepale. Ikaja Windows 10 mwaka 2015 na Settings yake, ikaja Windows 11 mwaka 2021, na Control Panel bado ipo. Agosti 2024 wakaandika kwenye ukurasa wao wa msaada kwamba iko njiani kuondolewa. Habari iliposambaa wakalainisha maneno: eti mipangilio yake mingi inahamishwa. Inahamishwa tangu lini? Kampuni yenye fedha zile!

Chukua Windows 10, ambayo bado imejaa maofisini kwetu. Muda wa skrini kuzimika uko Settings. Laptopu ifanye nini ukiifunika? Hilo liko Control Panel. Kasi ya kubonyeza mausi mara mbili utaikuta ndani ya dirisha la zamani, ambalo unalifikia kwa kubonyeza maandishi madogo yaliyobanwa pembeni. Nani aliamua mgawanyo huu, na kwa kigezo gani?

Lakini linaloniudhi kuliko yote ni la printa. Windows 10 ina swichi inayoiruhusu ijichagulie yenyewe printa kuu, yaani ile kazi zinakokwenda usipochagua nyingine, na inachofanya ni kushika ile uliyotumia mwisho. Sasa mfikirie dada wa steshenari mwenye printa mbili, ya rangi na ya nyeusi. Amechapa picha moja kwa rangi, mteja anayefuata ana ripoti ya kurasa themanini, zote zinaelekea kwenye wino wa bei. Akienda kurekebisha, anafungua printa anayoitaka, haoni kitufe cha kuifanya kuu. Hakipo! Kimefichwa kwa sababu swichi ile imewashwa, na swichi yenyewe iko ukurasa mwingine, chini ya orodha ya printa. Hapo pangeandikwa sentensi moja tu ya kumwelekeza, na kazi ingeendelea. Badala yake anamlipa fundi aje kubonyeza mara moja.

Na msiniambie atumie kisanduku cha kutafutia. Kutafuta kunamsaidia anayejua kitu kinaitwaje. Yule dada anajua shida yake, basi.

Ninachodai si kikubwa. Kila kitu cha printa kikae ukurasa mmoja. Kitufe kisichofanya kazi kionekane kimefifia na kiseme kwa nini, kisitoweke. Na kitu kikihamishwa, mahali pa zamani paachwe njia ya kufika papya.

Wenye Windows 10 na 11, bonyezeni kitufe cha Windows pamoja na F, itafunguka sehemu ya kuwaandikia Microsoft. Wa printa tuanze na hiyo swichi. Wengine wekeni hapa chini kero zenu, mtaje na ukurasa zilipo.