HUYU MWIZI WA PETE MUTAMVUMILIA MPAKA LINI???

Mchawi_wa_Majengo:
Nimetoka saiba sasa hivi na mikono bado yatetemeka. Jina sitaji. Mwamjua. Yule wa mashine ya kando ya feni, kofia kichwani hata usiku, hajanunua chupa ya dawa ndani ya gemu wala ya maji nje ya gemu tangu azaliwe.

Tulikuwa kwenye Diablo II, ile ile ya kale ya mwaka 2000 na nyongeza yake ya Lord of Destruction, maana ndiyo yaunganika mashine kwa mashine bila kula bando. Ngazi ya pili ya ugumu, Nightmare, chini kabisa kwa Andariel, lile jimama jini la sumu, bosi wa sehemu ya kwanza. Mimi Sorceress, mchawi wa kike. Nimetiwa sumu mpaka lile duara la uhai limegeuka kijani, chupa zimekwisha, nazunguka chumba nikirusha barafu huku nasoma dua. Yeye ni Barbarian, mwili kama mchukuzi wa bandarini, amesimama mlangoni ati "yuwalinda nyuma". Nyuma kuna nini? Nyuma tumeshaua wote!

Andariel akafa. Moto ukaruka, mali ikamwagika. Nikashika Alt, kitufe cha kuonyesha majina ya vitu vilivyo chini, na katikati ya takataka nikaona maandishi ya dhahabu, rangi ya vitu vya kipekee: Ring. Pete ya dhahabu, kwa Andariel wa Nightmare! Hapo ndipo watu huwindia Stone of Jordan, ile pete adimu inayotafutwa na kila mtu, hata mtoto ajua. Napeleka mausi, pete haipo. Mlinzi wa nyuma amepiga Leap, ule mruko wa Barbarian, amevuka chumba kizima, ameiokota.

Nikamgeukia. Yuwatafuna kiazi karai. KIAZI CHANGU, nilichonunua mimi, ukwaju wamtiririka kidevuni. Akanitazama, akasema: "Kila mtu na riziki yake."

Kila mtu na riziki yake!!! Na kiazi changu kinywani!

Nikamwambia haya, mpelekee Cain, yule mzee wa mjini anayetambua vitu, aitambue, sote tuone ni pete gani. Akatoka kwenye gemu. Ati mamake amwita. Saa nne za usiku, mamake amwita!

Naomba afungiwe. Saiba, mtaani, hata feri asivushwe.

BabuMifupa:
Pole sana. Lakini hiyo ni Nagelring, pete ya kipekee ya bei rahisi tu.

Mchawi_wa_Majengo:
Umeiona?

BabuMifupa:
Ya nini kuiona? Pete ya dhahabu ya Andariel ni Nagelring. Isipokuwa Nagelring, ni Manald Heal, rahisi vile vile. Kalale.

Mchawi_wa_Majengo:
Kama ni Nagelring mbona alikimbia??

Paka_wa_Mji_wa_Kale:
Mtu mzima na ndevu zake yualilia pete 😂😂 Kwani wataka kuposwa?

Shoka_la_Likoni:
Mimi sioni kosa. Kwenye Diablo II mali ikidondoka chini ni ya atakayeiwahi, ndivyo gemu ilivyoundwa. Wataka fungu lako peke yako, nenda Diablo III ya 2012, kule kila mmoja hudondoshewa yake. Hapa ni mkono.

Mchawi_wa_Majengo:
Mkono gani, mkono ulikuwa na kiazi! Mimi nafa kwa sumu, yeye yuwala! Halafu ati riziki yake!

Paka_wa_Mji_wa_Kale:
Hebu ngoja, viazi vya wapi hivyo? Vya Mwembe Tayari ama vya yule mama wa hapo kona?

Mchawi_wa_Majengo:
Vya kona. Si hoja hiyo.

Paka_wa_Mji_wa_Kale:
Vya kona hata mimi ningekuibia.

Kahawa_Tungu:
Nyinyi mwalilia pete. Mimi kuna mtu nilimkaribisha gemu yangu, mwamjua naye. Nimeshamaliza Baal, bosi wa mwisho, nimeufuata mguu wa mbao wa Wirt mpaka mji wa Tristram, nimeutia kwenye Cube, lile sanduku la kuchanganyia vitu, na kitabu cha Town Portal, lango la uwanja wa siri wa ng'ombe likafunguka. Nikamwambia, nikarudia, nikamwapisha: Cow King, mfalme wao, asiguswe, akifa silifungui tena hilo lango Nightmare nzima. Nikaenda kujaza chupa. Narudi, Cow King chali.

Shoka_la_Likoni:
Alikuwa katikati ya ng'ombe wenzake! Wote wamesimama miguu miwili, wote wana mashoka, ningemjuaje?

Kahawa_Tungu:
Nani amekutaja wewe?

Paka_wa_Mji_wa_Kale:
😂😂😂😂 Wallahi silali leo

Shoka_la_Likoni:
Nasema tu, mtu aweza kukosea.

BabuMifupa:
Ndiyo maana nasema tuhamie Resurrected, Diablo II iliyofanywa upya.

Kahawa_Tungu:
Resurrected ya 2021 waliondoa TCP/IP, ile njia ya kuunganisha mashine kwa mashine, mzee. Hakuna kuunganisha kwa waya. Na mali bado hugombaniwa chini vile vile. Bando utatununulia wewe?

Mchawi_wa_Majengo:
Na pete yangu je?

Kahawa_Tungu:
Subiri kwanza. Shoka, kesho wanifungulia lango la ng'ombe.

Shoka_la_Likoni:
Nitalifunguaje, na mimi nimemuua? Nami nimefungiwa.

BabuMifupa:
Cow King wangu yungali hai. Nitafungua mimi, baada ya Isha. Kila mtu aje na chupa zake, na Shoka abaki mjini.

Shoka_la_Likoni:
Mbona mimi tu?