Nampeleka mwanangu London kuangalia Spurs na Arsenal, naomba ushauri

Baba Ima wa Ohio: Wakuu, habari zenu. Nipo Columbus, Ohio, mwaka wa 12 sasa. Kijana wangu ana miaka 9, ni Arsenal wa kulala na jezi. Tumepata tiketi mbili za dabi, Spurs na Arsenal, kule Tottenham, nyumbani kwa Spurs. Mimi nimezoea mambo ya huku. Ohio State ikicheza na Michigan, timu za vyuo vikuu za mpira wa Kimarekani, watu zaidi ya laki moja wanajaa uwanjani na wale wa Michigan tunakaa nao bega kwa bega. Tangu asubuhi majiko yanawaka maegeshoni, na mtu usiyemjua anakupa soseji hata kama umevaa rangi za wapinzani wake. Je, kwa Waingereza tufike saa ngapi, na mtoto avae nini? Silali vizuri, wakuu.

Kipanga wa Temeke: Mtoto wa Kitanzania analala na jezi ya Arsenal, Simba na Yanga anazijua? Mlioko ughaibuni mnatupotezea watoto.

Fundi Saa: Avae koti zito. Mimi mwaka ule niliingia Taifa na shati la kijani, nikajikuta upande wa Simba kwa kufuata foleni. Shati nililivua, nikakaa na singlendi mpaka mwisho. Mvua nayo ikanyesha.

Mama Nasra: Mkuu, tiketi zenu ni za upande gani?

Baba Ima wa Ohio: Nyuma ya goli, dada. Siti nzuri tu.

Mama Nasra: Goli lipi? Nipo Uingereza miaka 19, siulizi bure.

Baba Ima wa Ohio: Jukwaa la kusini.

Mama Nasra: Ndugu yangu! Jukwaa lile linabeba watu 17,500 kwa mteremko mmoja, na wote ni Spurs. Wageni wana kona yao kaskazini mashariki, wanaingilia mlango wao. Mtoto akivaa Arsenal pale, walinzi watawatoa hata kama tiketi ni halali. Kanuni za uwanja zinawaruhusu.

Baba Ima wa Ohio: Dada, uwanja huohuo nimeshaingia, kwenye mechi ya NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani. Watu walivaa jezi za timu zote, hata zisizocheza siku hiyo, wamekaa na bia mkononi, hakuna aliyeguswa. Na jezi nimeshanunua mbili, ya mtoto ina jina lake mgongoni. Nimrudishie nani?

Mama Nasra: Uwanja ni uleule, watu siyo walewale. Hata hiyo bia, sheria ya 1985 inakataza kunywa mahali unapoona nyasi mechi ikiendelea, lakini ni kwa mpira wa miguu tu. NFL haiwagusi.

Nikwambie yaliyotukuta. Mume wangu alipewa tiketi kwenye jukwaa la wenyeji, uwanja siutaji. Alivaa koti jeusi, hana jezi wala skafu. Timu yake ikafunga. Akanyanyuka nusu, akakumbuka, akakaa. Nusu tu! Mzee wa siti ya nyuma akamshika bega, kwa upole kabisa, akamwambia, "Ondokeni sasa hivi, kabla vijana wa kule juu hawajashuka." Ilikuwa dakika ya 31. Kipindi cha pili tulikisikiliza redioni ndani ya gari.

Mwalimu Kondo: Mama Nasra amesema kweli, na ina sababu. Marekani timu ni mali ya tajiri, akitaka anaihamisha. Kwenye NFL, Rams waliondoka St. Louis 2016 kwenda Los Angeles, Raiders wakaondoka Oakland kwenda Las Vegas 2020. Ni Green Bay tu wanaomilikiwa na watu wao tangu 1923. Halafu hakuna kushuka daraja. Ukifungwa mechi zote, mwakani upo, tena vijana wapya wakigawanywa kwa timu, wewe unachagua bora kwanza. Uingereza timu ni mtaa. Wimbledon, timu ya London, ilipopewa ruhusa ya kuhamia Milton Keynes mwaka 2002, mashabiki walianzisha timu yao upya, wakaanzia daraja la 9. Watu wa namna hiyo usiwaendee na jezi ya jirani.

Lindo la Usiku: Mnajibu chai. Tiketi za dabi jukwaa la kusini haziuzwi kwa mtu wa Ohio. Na Uingereza kuuza tiketi za mpira bila idhini ni kosa la jinai tangu 1994, siyo kama Marekani unanunua kwenye simu kama vocha. Mleta uzi anasema "tumepata". Kwa nani? Hakuna tiketi hapa, na huenda hata mtoto hakuna.

Kipanga wa Temeke: Hata mimi nilinusa. Mtu wa miaka 12 Ohio anauliza mtoto avae nini?

Fundi Saa: Mwacheni ajibu.

Baba Ima wa Ohio: Mtoto wangu msimuingize. Mke wangu ni mzaliwa wa Tottenham, mpira haupendi hata kuusikia. Tiketi ni za msimu, za baba yake na rafiki yake. Mzee ana siti tangu White Hart Lane, uwanja wa zamani wa Spurs. Amefanyiwa upasuaji wa goti, hawezi kupanda ngazi, akaomba mjukuu akalie siti yake. Hajui kwamba mtoto ni Arsenal. Kila Krismasi anatuma jezi ya Spurs. Zipo kabatini, saizi tano, lebo hazijakatwa.

Lindo la Usiku: Sawa, samahani kwa la mtoto. Lakini hili ndilo ungeanza nalo.

Mama Nasra: Kumbe siti ni ya babu! Mkitolewa, atakayeitwa na klabu kujieleza ni yeye. Anaweza kunyang'anywa tiketi ya maisha yake yote.

Baba Ima wa Ohio: Jezi tutaziacha hotelini, hilo nimekubali. Mtoto ameahidi kunyamaza dakika zote 90. Jana nimemjaribu, tumeangalia marudio ya dabi ya zamani. Arsenal walipofunga aliuma mto, sauti haikutoka. Ila alikuwa amesimama juu ya kochi.

Mama Nasra: Mpigie babu yake leo.