Jello Biafra na Melvins: huyu mwimbaji ni nani?

Kijenge Juu: Wakuu, mimi nimekulia hip hop ya Arusha. Jana kwenye daladala nimesikiliza "Never Breathe What You Can't See", albamu ya Jello Biafra na Melvins ya 2004. Sikio moja la hedfoni limekufa, lakini gitaa lilinitetemesha meno! Jamaa anawakejeli wakubwa kwa sauti ya mnadi wa mitumba pale Kilombero. Ni nani?

Fundi Redio: Huyo ni Jello Biafra, aliimba kwenye bendi ya punk ya Dead Kennedys, mkuu. 1979 aligombea umeya wa San Francisco, akashindwa. Siasa anaijua kwa ndani.

Mama Sakina: Uzito wa gitaa ni wa bendi ya Melvins, mdogo wangu. Adam Jones wa bendi ya Tool naye kapiga gitaa humo. Tafuta hedfoni nzima kwanza, unapoteza nusu ya utamu.

Kijenge Juu: Asante dada. Kesho naenda kununua.