"Piga tu mpaka afe": huyu mtu anyang'anywe padi!

Wakuu, mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule ambaye hata hujamaliza kuuliza, yeye keshajibu. Leo mgeni kauliza kistaarabu: nimefika kwa bosi wa mwisho wa Rule of Rose, ile gemu ya kutisha ya PlayStation 2 (PS2), nifanyeje? Mjuaji akajibu maneno manne: "Piga tu mpaka afe."

Mpaka afe! Bosi mwenyewe ni Gregory! Ukimuua kwa shoka au bomba unapewa mwisho mbaya, na sura ya mwisho, "Once Upon a Time", huioni ng'o. Gemu nzima umemnusisha mbwa vitu kila kona, halafu unakosa kilichokuleta. Kwepa, fungua begi, chagua bastola, msogelee, itumie. Jennifer, yule binti unayemchezesha, hafyatui, anamkabidhi. Yule ni baba aliyefiwa na mwanawe, mtoto mwingine akamgeuza mbwa koko. Unampigaje tu?

Alipokosolewa akasema "gemu ya kitoto". Kituo cha yatima Uingereza, mwaka 1930, watoto wamejipa vyeo na kudai zawadi kila mwezi, asiyeleta anaadhibiwa. Ya kitoto! Piga tu mpaka afe! Huyu ukimpa msahafu ataupiga ngumi mpaka kurasa ziishe.

Bomba la Chuma: Maneno manne yamekutoa aya tatu mkuu, kunywa maji. Kwanza mapigano yenyewe ndiyo mabovu. Ukishika uma, mpaka umfikie adui umeshamkumbatia. Tafuta silaha ndefu, piga moja, rudi nyuma, rudia. Wakija kundi, kimbia, wengi wala hulazimiki kuwaua.

Mama Brown: Mnapigana huku mbwa wenu Brown kalala chini hoi! Akizidiwa hanusi wala hasikii amri, mpe chakula chake ainuke. Na kabla ya kupapasa kila mlango, chagua kitu begini umnusishe, atakupeleka. Wanaomwacha nyuma kisha wanalia gemu ngumu ndio wa kufungiwa.

Mchanga wa Pwani: Nyie mnalia na bosi, wengine tunalia na bei. Diski halisi ya PS2 ni bei ya mbuzi na ndama wake!

Bomba la Chuma: Mbuzi ana ndama tangu lini?

Mchanga wa Pwani: Elewa hoja! Ilitoka 2006, Uingereza ikafutwa kabla haijafika madukani. Magazeti yalipiga kelele kuwa ina ukatili na uchafu wa watoto, Frattini wa Tume ya Ulaya akailaani, na hata VSC, wakaguzi wa gemu wa Uingereza kwenyewe, waliposema yanayodaiwa hayamo, hakuna aliyesikiliza.

Mama Brown: Hao hawakuicheza hata dakika moja. Hasira zenu zipelekeni huko.

Kalamu Nyekundu: Na wanaoseivu juu ya seivu moja je? Ukifika kwa Bucket Knight, pale pa kuseivu, tumia nafasi mbili, moja usiiguse. Ukikosea kwa Gregory unarudi hapo, huanzi upya.

Bomba la Chuma: Bado nasubiri ndama wa mbuzi.