Mnatuuzia vumbi la Gede kwa jina la majini

Wanajamvi, assalamu alaykum. Kwa wiki mbili nimejizuia nisiandike kwa hasira, lakini jibu nililopewa juzi limenimaliza subira.

Mwezi uliopita nilimpeleka shangazi yangu, aliyekuja kutoka Lamu kututembelea hapa Malindi, kwenye magofu ya mji wa kale wa Gede. Tulikwenda na kampuni moja ya kutembeza wageni, ambayo juu ya nauli ilitutoza shilingi 1,500 kila mtu kwa kitu walichokiita "picha za wenyeji wa mji", yaani majini wanaodai kuwa wanakaa humo. Tulifikishwa saa kumi na nusu jioni, wakati ambapo barabarani jua bado ni kali lakini ndani ya magofu, kwa jinsi miti ilivyofunga, kiza kimekwisha kuanza. Mtembezaji akampiga shangazi picha mbele ya kaburi moja lenye tarehe iliyoandikwa, kisha akamwonyesha kioo cha kamera: viduara vyeupe kumi na kitu vimeelea juu ya kichwa chake, na kimoja kimemkalia begani. "Bibi, wamekupenda hawa," akamwambia. Shangazi yangu ana miaka 72, na tangu siku hiyo halali ila taa iwe inawaka.

Mimi ni mpiga picha za harusi na viduara hivyo si wageni kwangu. Katika kamera ndogo flashi hukaa karibu mno na lenzi, hivyo chembe ya vumbi, tone la unyevu au mbu anayepita sentimita chache mbele yake humulikwa kwa nguvu kuliko mtu aliyesimama mbali, na kwa kuwa lenzi haiwezi kukiona sawasawa kitu kilicho karibu kiasi hicho, kile kichembe hufura kikawa duara. Sasa watu kumi na wawili wanaburura ndara kwenye njia ya mchanga, msituni, jioni. Vumbi na mbu vitakosekanaje? Nilimwomba azime flashi apige tena pale pale, na hakikutokea hata kiduara kimoja. Akasema wameondoka kwa kuwa nimewakera. Alipoiwasha, wakarudi.

Nisieleweke vibaya. Mimi ni Muislamu na majini siwakanushi, wana sura yao katika Qur'ani. Ninayemkataa ni jini anayengoja flashi ndipo ajitokeze. Hata ule "upanga wa moto", yaani mstari wa kijani na rangi ya chungwa uliokatiza picha ya msikiti mkuu, ni jua lililopenya kwenye majani likagonga vioo vya ndani ya lenzi. Ukichora mstari kutoka kwenye jua kupitia katikati ya picha, unafika pale pale penye upanga.

Kinachoniuma kuliko fedha ni yale tuliyonyimwa. Kaburi lile limeandikwa mwaka 802 wa Hijria, ambao ni 1399, na mtembezaji hata hakutuonyesha maandishi yalipo. Alitupitisha Nyumba ya Mkasi mbio mbio, bila kusema kwamba inaitwa hivyo kwa sababu ya mkasi uliofukuliwa humo wakati wa uchimbaji alioanza mwanaakiolojia James Kirkman mwaka 1948. Akatuambia wenyeji walilaaniwa mji ukahamwa usiku mmoja, ilhali kando ya msikiti mkuu kuna kisima kilichoongezwa kina, nacho ndicho kinachowafanya watafiti wataje kupungua kwa maji miongoni mwa sababu za watu kuondoka. Kisha, mbele ya macho yangu, akainyunyizia marashi chokaa ya kaburi "ili watoke vizuri". Hilo ni kaburi la miaka zaidi ya mia sita, katika mji ulioingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2024, na mtu analimwagia marashi ya chupa kama anayekaribisha wageni harusini!

Niliporudi nyumbani nilizima taa ya jikoni, nikamwita shangazi akae kitini aone mwenyewe, nikachekecha unga wa ngano mbele ya kamera huku flashi ikiwaka. Vikatoka viduara visivyohesabika, vingine vina pete na kiini katikati, sawasawa na vile vya Gede. Shangazi alicheka kwa mara ya kwanza katika siku nne. Nikaipelekea kampuni picha hizo pamoja na ombi la kurudishiwa shilingi zetu 3,000.

Jibu lao, lililokuja baada ya siku tisa, linasema kwamba picha zangu za jikoni zinathibitisha kuwa wenyeji wa Gede wametufuata hadi nyumbani, na kwamba kampuni ina mtu wake anayeweza kuja kuwaondoa kwa shilingi 5,000, nauli yake kando.