Gari inaunguruma nikikanyaga mafuta kupanda mlima, fundi anasema giaboksi imekwisha

MkaziWaGoba:
Wakuu habari za leo, naombeni msaada kabla sijatoa hela. Nina Toyota IST ya 2004, cc kama 1500, otomatiki, nipo nayo mwaka wa nne na haijawahi kunisumbua. Sasa kama wiki tatu hivi nikikanyaga mafuta inatoa mlio mzito grrrrr, kama mtu anaburuta debe kwenye sakafu, nausikia mpaka kwenye nyayo, hasa nikipandisha kile kilima cha kuingia mtaani na nimebeba watoto. Nikiachia mafuta tu unakata palepale. Barabara tambarare nikienda taratibu hausikiki kabisa. Nimeenda gereji, jamaa kaizungusha dakika mbili akarudi akaniambia giaboksi imekwisha, nitafute laki 6 ya kununua nyingine ya mtumba. Mafuta ya giaboksi nimeyapima mwenyewe, yapo kwenye alama, mekundu, hayanuki kuungua, na gia zinaingia vizuri. Roho inakataa kabisa.

Babu_Spana:
Mkuu usitoe hata mia. Giaboksi ikichoka utaona rpm (mizunguko ya injini) zinapanda gari haiendi, au gia inachelewa halafu inaingia kwa kustua. Wewe hujasema hata kimoja. Unachoeleza ni kitu kinachotokea injini ikibeba mzigo, basi, kwa hiyo tuanzie hapo.

Weka gia N (huru), mtu akanyage mpaka rpm 3000 wewe usikilize nje. Ikilia hivyo hivyo, tafuta kwenye injini, mikanda na ekzosi (bomba la moshi), mara nyingi ni lile bati la kukinga joto la ekzosi limelegea linacheza. Isipolia, fungua boneti, vuta handibreki, kanyaga breki mpaka mwisho, weka D halafu gusa mafuta kidogo, sekunde 2 au 3 tu usizidishe maana unachemsha mafuta ya giaboksi. Mtu asimame PEMBENI aangalie injini, mbele ya gari asisimame mtu, nasisitiza hilo. Halafu rudia kwenye R. Injini ikinyanyuka kama inataka kutoka, mauntingi, yaani ile raba inayoishikilia injini kwenye bodi, imekatika.

MamaNuru:
Nachangia kidogo, usisahau beringi za matairi. Mimi niliambiwa ninunue matairi mapya manne kwa sababu ya mngurumo na nikanunua, kumbe beringi ya mbele kushoto. Niliumia sana ile hela. Ila tofauti ni kwamba yangu ilikuwa inafuata spidi, hata nikiachia mafuta inaendelea kuunguruma mpaka gari ipunguze mwendo, na nikiyumbisha stelingi kidogo sauti inabadilika. Ya kwako inakata palepale so sidhani, lakini pandisha jeki uzungushe tairi kwa mkono usikilize, haikugharimu kitu.

Msa_Dereva:
Ndugu yangu, tazama na sivijointi, vile viungo vya shafti inayozungusha matairi. Ile ya nje yalia tak tak tak ukikata kona huku waongeza mafuta, ya ndani yaitikisa gari yote ukiongeza kasi hata barabara ikiwa imenyooka. Inama utazame zile raba zake, ikiwa imepasuka utaona grisi nyeusi imerukia ndani ya rimu na kule chini.

MkaziWaGoba:
Wakuu nimerudi. Kwenye N haikulia kabisa, rpm 3000 kimya. Matairi yanazunguka laini, raba za sivijointi nzima zote. Tukaja kwenye D, shemeji kasimama pembeni na simu anarekodi, kugusa mafuta tu injini ikanyanyuka kama vidole vitatu na ule mlio ukatoka, nimeusikia kwa masikio yangu gari ikiwa imesimama!! Kwenye R ikacheza kidogo tu bila kelele. Leo nimempelekea fundi mwingine akaingia chini na tochi akaniita nikaone, bomba la ekzosi lote limeshika kutu ila kuna sehemu moja ya ukubwa wa kucha inang'aa kama kijiko kipya, na juu yake kwenye chuma cha bodi kuna alama hiyo hiyo. Mauntingi ya nyuma raba imeachana na chuma chake kabisa, injini ilikuwa ikijilaza inavuta bomba lote linasagana na bodi. Tumebadilisha, mauntingi na ufundi jumla elfu 85. Nimepanda kile kilima na watoto wote nyuma, kimya. Asanteni sana sana, mmeniokolea ada ya mtoto.

Swali moja dogo. Asubuhi ikiwa ya baridi nasikia tik tik tik nikikanyaga, baada ya dakika tano hivi inapotea. Niache?

Babu_Spana:
Usiache. Ekzosi imevutwa wiki tatu nzima, hiyo tik tik inawezekana kabisa ni moshi unapenya kwenye gasketi ya manifoldi, pale ekzosi inapoungana na injini, au kwenye fleksi, lile bomba la nyavu linalojipinda, na chuma kikipata moto kinatanuka kinaziba ndio maana inapotea. Kesho asubuhi kabla hujawasha gari mwambie fundi aje, awashe ya baridi na apitishe mkono karibu na maungio bila kugusa, ataisikia hewa inampiga, na penye masizi meusi ndipo panapovuja. Moshi ule una kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi na inaua, na wewe unabeba watoto. Mpaka itengenezwe tembea vioo vikiwa wazi.

MkaziWaGoba:
Nimeelewa mkuu, nampigia sasa hivi.